Gari la Kuitwa kwa Simu: Mwenye Kitochi Naye Asiachwe Njiani

Katika wilaya za Tarime na Serengeti ni machache mambo yanayomgusa kila mtu, mwenye mali na asiye nayo, kama jambo la kufika aendako. Mkulima wa Muriba ataka kufikisha kahawa na ndizi zake sokoni. Mchuuzi wa Sirari ataka kuwahi mpakani kabla wenziwe wa Isebania hawajafunga maduka. Kibarua wa Nyamongo atoka kazini usiku, na nyumbani kwake ni mbali. Mama wa Machochwe ashikwa na uchungu wa uzazi saa ambayo hata mbwa wamelala. Hao wote shida yao ni moja, nayo ni chombo cha kuwachukua, chenye dereva wa kuaminika na nauli isiyowaumiza.

Tangu zamani ada yetu imekuwa kwamba mwenye haja ya safari ndiye akifuataye chombo. Teksi husimama chini ya mti wake au karibu na stendi, na mtu huenda akapatana na dereva. Magari madogo ambayo watu wa Kanda ya Ziwa huyaita michomoko hungoja mpaka yajae ndipo yaondoke. Bodaboda hukaa kijiweni. Jina lenyewe la bodaboda lina asili ya mpakani: yasemekana lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda, pande za Busia, katika miaka ya 1960. Baiskeli zikawa pikipiki, na pikipiki zikaenea Afrika Mashariki nzima. Hapa Tanzania serikali ilitoa kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria mwaka 2010.

Sasa mambo yamegeuka, kwani chombo ndicho kimfuatacho mtu. Mwaka 2009 kampuni ya Uber iliasisiwa mjini San Francisco, Marekani. Mwaka 2015 ikafika Nairobi, na mwaka 2016 ikafika Dar es Salaam na Kampala. Kampuni ya Taxify kutoka Estonia, ambayo tangu 2019 yaitwa Bolt, nayo ikaingia. Huko Kampala vijana walikwisha kuanzisha SafeBoda mwaka 2014, ili kuwapa madereva wa pikipiki mafunzo na kofia za kukinga kichwa, na abiria njia ya kuwaita. Msafiri hugusa kioo cha simu yake. Mitambo hutambua mahali alipo, humtafuta dereva aliye karibu, humwonyesha msafiri jina la dereva, namba ya chombo na kadirio la nauli, na safari yote hubaki katika kumbukumbu.

Mtu asidhani kwamba faida ya jambo hili ni starehe tu. Faida yake kubwa ni mambo matatu. La kwanza, nauli yajulikana kabla ya safari, wala mgeni haonewi kwa ugeni wake. La pili, dereva na abiria wote wawili wana majina, kwa hiyo likitokea la kutokea yupo wa kuulizwa. La tatu, dereva hapotezi mafuta akizunguka kutafuta watu, na abiria hasimami gizani akingojea bahati.

Lakini tujiulize, je, neema hii ni ya nani? Makampuni hayo yalianzia katika miji mikubwa, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Huduma ya namna hiyo yataka watu wengi wanaosafiri kila dakika, madereva wengi walio karibu karibu, ramani yenye majina ya njia, na simu ya kisasa mikononi mwa dereva na abiria pia. Vijijini kwetu mji wa mtu hauna namba. Huelezwa kwa jina la mzee mwenye boma, kwa mti mkubwa, au kwa njia inayoelekea mtoni. Dereva akimpeleka mtu kilomita 20 huenda akarudi mtupu. Na wananchi wengi, hasa wazee na wanawake wa mashambani, simu waliyo nayo ni ile ndogo ya vitufe, ambayo vijana huiita kitochi. Simu hiyo hukaa na chaji siku kadhaa, haihitaji kununuliwa bando, na hata ikianguka haivunjiki upesi.

Basi wapo wasemao kwamba mwenye kitochi angoje. Siku moja atanunua simu kubwa, na maendeleo yatamfikia. Sisi twasema kwamba neno hilo si la haki. Mwenye kitochi ndiye hasa mwenye shida ya usafiri. Mwenye simu ya thamani mara nyingi ana pikipiki yake au gari lake. Tena uchungu wa uzazi hauulizi mtu ana simu ya aina gani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba jambo hili lawezekana. Ushahidi uko hapa hapa nchini, tena ulizaliwa katika Kanda yetu ya Ziwa. Mwaka 2013 katika eneo la Sengerema, mkoani Mwanza, ulianza kujaribiwa mpango wa kuwasafirisha akina mama wajawazito na watoto wachanga wanapopatwa na dharura. Baadaye mkoa wa Shinyanga nao ukaingizwa. Mpango huo ndio uitwao m-mama, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mjini Dodoma ili uenee nchi nzima.

Yafaa msomaji aelewe namna ufanyavyo kazi. Mama mwenyewe, au ndugu yake, au mhudumu wa zahanati, hupiga namba 115. Simu hiyo haina malipo, na yaweza kupigwa kwa kitochi. Huko kituoni hupokewa na mtu aliyefunzwa, naye huuliza maswali ili aijue hatari iliyopo na mahali alipo mgonjwa. Kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, au liko mbali, humwita dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye gari lake mwenyewe, ambaye alikwisha kuandikishwa na kukubaliana juu ya malipo. Dereva humchukua mama, humfikisha katika kituo cha afya au hospitali, na ikithibitishwa kwamba amefika, malipo ya dereva hutumwa kwa simu. Mama halipi kitu.

Hebu tutazame jambo hilo kwa makini. Hilo nalo ni gari la kuitwa kwa simu. Mitambo ipo, ramani ipo, orodha ya madereva ipo, malipo ya simu yapo. Lakini mitambo hiyo imewekwa kituoni, mikononi mwa mtu mmoja aliyefunzwa. Mwananchi yeye hakutakiwa kuwa na kitu chochote zaidi ya sauti yake. Mzigo wa elimu umebebwa na mwenye elimu, si na mgonjwa. Hii ndiyo siri yenyewe, na ndilo somo ambalo Tarime na Serengeti yapasa tulishike.

Hata katika nchi tajiri wameliona jambo hilo. Mwaka 2016 huko California ilianzishwa huduma iitwayo GoGoGrandparent, kwa ajili ya wazee wasiotumia simu za kisasa. Mzee hupiga simu ya kawaida, hubonyeza namba 1, na gari huja kumchukua nyumbani kwake. Wenye huduma ndio wanaoliita gari hilo kwa mitambo kwa niaba yake. Ikiwa Marekani yenyewe imewakumbuka wazee wake wasioweza kugusa vioo, sisi tutaona haya gani kuwakumbuka wetu?

Tena wananchi wa wilaya hizi mbili si wageni kabisa wa jambo hili. Watu wengi wana bodaboda wao, yaani kijana wanayemwamini, ambaye namba yake wameihifadhi. Wakitaka safari humpigia. Huu ni mwanzo mwema, lakini una kasoro tatu. Kwanza, mtu ni mmoja: akiwa amelala, au pikipiki imeharibika, au yuko upande wa pili wa Mto Mara, msafiri amekwama. Pili, nauli hupangwa kwa kutazamana usoni, na usiku au wakati wa mvua hupanda bila kiasi. Tatu, hakuna kumbukumbu. Binti akipanda pikipiki saa tatu za usiku asifike nyumbani, ni nani ajuaye alipanda na nani?

Kwa hiyo tunatoa shauri ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila chama cha bodaboda na madereva wa teksi, katika Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu, kiwe na namba moja ya simu inayojulikana, iliyoandikwa kijiweni, zahanati, shuleni na katika ofisi ya kijiji. Pawe na mtu wa zamu, mchana na usiku, anayepokea simu hiyo. Naye awe na daftari au simu moja ya kisasa yenye orodha ya madereva walioandikishwa, wenye leseni na bima, na namba za vyombo vyao. Mtu akipiga, mwenye zamu amtume dereva aliye karibu, aandike saa, mahali na jina, na amwambie msafiri namba ya chombo kinachokuja. Nauli za kwenda vijiji vinavyojulikana zipangwe kwa umbali, ziandikwe ubaoni, na za usiku ziwe na nyongeza inayojulikana. Malipo yaweza kuwa fedha taslimu au kwa simu, maana hata kitochi chaweza kutuma fedha.

Hapo litazuka swali kubwa: ni nani atakayeimiliki namba hiyo? Swali hili si dogo. Makampuni ya magari hukata sehemu ya nauli ya kila safari. Tuseme nauli ni shilingi 2,000. Ikikatwa asilimia 25, dereva ametoa shilingi 500, na mafuta ni yake, matairi ni yake, ajali ni yake. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, iliagiza makato yasizidi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma yake nchini kwa sababu hiyo, na ikarejea mwaka 2023 baada ya kiwango kupandishwa kuwa asilimia 25. Tukio hilo latufundisha kwamba mwenye kuimiliki simu ndiye mwenye kuishika nauli, na akikasirika aweza kuuzima mtambo, abiria na dereva wakabaki wanatazamana barabarani.

Kwa sababu hiyo twaona ni bora namba hiyo iwe mali ya madereva wenyewe, kwa njia ya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Tarime waijua maana ya ushirika: kupima mzigo mbele ya macho ya watu, kuweka hesabu, na kumwondoa kiongozi asiyefaa. Kila dereva akitoa kiasi kidogo kwa juma, mtu wa zamu atalipwa, na ziada itabaki ya kununulia kofia za abiria na kumsaidia mwenzao aliyevunjika mguu. Hata siku makampuni makubwa yatakapofika, yatawakuta madereva wamekwisha kujipanga, nao wataweza kusema nayo kama washirika.

Wapo watakaopinga. Wazee wa vijiwe watasema kwamba zamu yao italiwa na vijana wa simu. Ugomvi wa namna hiyo ulitokea katika miji mingi, baina ya madereva wa vijiweni na wale wa mitambo. Dawa yake ni kwamba namba iwe ya kijiwe chenyewe, na safari zigawanywe kwa zamu ya haki mbele ya wote. Wengine watasema mtandao ni hafifu katika sehemu za mabondeni na zile zipakanazo na hifadhi. Ni kweli, lakini sauti ya simu ya kawaida mara nyingi hufika mahali ambapo intaneti haifiki, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomtupa mwenye kitochi. Wengine watauliza, je, mwenye zamu akipendelea ndugu zake? Ndiyo maana twataka daftari, na daftari lisomwe mkutanoni.

Viongozi wa halmashauri nao wana sehemu yao. Wasingoje kukusanya ushuru tu. Walitangaze daftari la madereva walioandikishwa, wahakikishe kofia na bima zipo, na waone kwamba namba 115 inafahamika katika kila kitongoji. Namba isiyojulikana ni sawa na kisima kilichofunikwa. Yafaa isemwe makanisani na misikitini, magulioni na katika mikutano ya vijiji, mpaka kila mama na kila mume aijue kwa moyo kama ajuavyo jina la mtoto wake.

Ndugu wasomaji, gari la kuitwa kwa simu limekwisha kuja, wala halitarudi lilikotoka. Lililobaki ni kuamua kama litapita mjini tu na kuwaacha wengi vumbini, au kama litaingia pia njia ya Nyamwaga na ya Machochwe. Mbinu tunayo na mfano tunao. Usiku wa leo, mahali fulani baina ya Sirari na Mugumu, yuko mtu mwenye kitochi mkononi na mgonjwa mlangoni. Yatupasa tuhakikishe kwamba akipiga simu, yupo wa kuipokea.