Vyuma vya juu ya gari: tuhesabu kilo kwanza



Sisi wa Mavivi tunaishi karibu na mizani. Kwenye uwanja wetu wa ndege, kabla ndege ndogo haijaruka, mizigo inapimwa, na mara nyingine hata msafiri mwenyewe anasimama juu ya mizani, wala hakuna anayekasirika. Lakini kwenye barabara ya taifa namba 4, ile inayotoka Beni kwenda Oicha na Eringeti, gari inapita na mikungu ya ndizi, mifuko ya makaa, bidoni za mawese na kijana mmoja ameketi juu ya vyote, na hakuna aliyepima kitu.

Tunaandika juu ya jambo hili juma hili kwa sababu kikundi chetu sasa kina jipu ndogo ya kupeleka mazao Beni, na kimebaki kununua portibagaji. Feza itatoka kwenye kasha la AVEC, maana yake ni feza ya kila mmoja wetu. Kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni fundi wa kuchomelea wa hapa kwetu, atakayetengeneza kitanda kizima cha chuma. La pili ni vyuma viwili vya kukingama vya aluminiamu, vilivyotoka kiwandani, ambavyo vinafungwa kwa bulonyo. Hivi vya pili vina bei kubwa zaidi, na wengi walipovitazama walicheka: vyembamba namna hii vitabeba nini?

Tuanze na swali hilo. Paa la gari ni bati jembamba lililofunikwa rangi, halikutengenezwa kuwa ghala. Kitabu cha gari kinaandika uzito ambao paa linaweza kubeba gari ikitembea, na kwa jipu ndogo nyingi uzito huo uko kati ya kilo 50 na 100. Tena uzito wa portibagaji yenyewe unahesabiwa ndani yake. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Chuma kinaweza kuandikwa kwamba kinabeba kilo 100, lakini kama paa linakubali 75, sheria ni 75. Namba iliyo ndogo ndiyo inayotawala.

Tuchukue hizo 75 na tufanye hesabu kama watoto wa darasa la tano. Kitanda cha chuma cha kuchomelea kinaweza kufika kilo 35. Zinabaki 40. Bidoni ya litri 20 ya mawese ina karibu kilo 19, basi zinapanda mbili tu. Vyuma viwili vya aluminiamu vina kilo 5 hivi; zinabaki 70, zinapanda bidoni tatu. Na mfuko wa kakao kavu, ule wa kilo 60 na zaidi, ukipanda mmoja, paa limejaa. Mfuko mmoja! Kwa hiyo chuma kinene kinachotupendeza macho kinakula nafasi ya mazao yetu kabla hatujapakia hata kikapu.

Na hizo kilo ni za barabara nzuri. Gari ikianguka ndani ya shimo, mzigo unashuka kwa nguvu kupita uzito wake, na miguu ya portibagaji ndiyo inayoumia. Tena mzigo mzito ukiwa juu, gari inalala upande kwa urahisi kwenye kona au kwenye matope. Ndani wameketi wamama na watoto mgongoni. Hatuhitaji kueleza zaidi.

Sasa namna ya kuchagua. Jambo la kwanza si chuma, ni paa. Gari za zamani, kama Land Cruiser za kazi, zina mfereji wa mvua pembeni pa paa, na miguu inashika pale kwa nguvu sana. Jipu nyingi za siku hizi zina reli mbili, kutoka mbele hadi nyuma. Kama kidole kinapita kati ya reli na paa, kuna aina ya mguu wake. Kama reli imelala kabisa juu ya bati, kuna aina nyingine, na hazibadilishani hata muuzaji akiapa. Kuna pia reli za plastiki za urembo tu, ambazo hazishiki kitu. Na kuna paa lisilo na reli, ambalo linataka miguu iliyotengenezwa kwa gari ile ile.

Urefu wa vyuma usipite vioo vya pembeni, maana vitagonga watu barabarani. Umbali kati ya chuma cha mbele na cha nyuma uwe karibu sentimita 70 au zaidi, kama reli inaruhusu, ili mbao au matela yasiyumbe. Bulonyo zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya Beni, kwa sababu mitikisiko inazilegeza. Kamba za mpira wa gurudumu tunazipenda, lakini zinavutika; mzigo unacheza. Mkanda usiovutika ufunge kwanza, mpira uje juu yake.

Dada zetu walio Ulaya watasoma haya na kuuliza juu ya jipu za umeme. Kule shida kubwa ni upepo. Gari ikienda kilo mita 110 kwa saa, chuma cha pembe nne kinapiga kelele na batri inaisha mapema. Ndiyo sababu wananunua vyuma vyenye umbo la bawa la ndege, na wanavitoa wakimaliza safari. Lakini hesabu ya kilo haibadiliki: Tesla Model Y, pamoja na bei yake yote, inakubali kilo 75 juu, vyuma vikiwa ndani ya hesabu. Kwetu, nani anakimbia 110 kati ya Mavivi na Beni? Tusilipie umbo la bawa. Tulipie miguu inayoshika.

Kuna wamama waliosema: siku ya kukimbia, tutapakia nini kama tumejiwekea mipaka? Ni neno zito, na tuliowaona watu wa Oicha na Eringeti wakipita na maisha yao yote juu ya gari tunalielewa. Jibu letu ni kwamba siku ile matela, mavazi na vyombo vitupu ndivyo vipande juu, ni vikubwa lakini ni vyepesi. Unga, mafuta na mbegu vikae chini, katikati ya gari. Hivyo hivyo siku ya soko.

Maoni yetu ni vyuma viwili vya aluminiamu. Fundi wetu ni kijana wa mtaa na watoto wake wanasoma hapa. Tunaomba apewe kazi ya kutengeneza sakafu ya ndani, nyuma ya viti, yenye pete za kufungia mifuko, kwa kuwa kakao itakaa pale. Turubai pia inunuliwe, mvua isiharibu mzigo wa juu.

Jumamosi, kabla ya kufungua kasha, shofere alete kitabu cha gari. Kiko kwa Kijaponi, lakini namba na alama ya kilo zinasomeka. Mwenye metre ya kupimia nguo aje nayo, tupime reli. Na mizani ya kakao itolewe nje, tupime bidoni moja mbele ya wote.