Mashine ya kufyonza vumbi la mbao: usinunue kwa kuangalia mota tu

Ushuru wa samani zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipandishwa hadi asilimia 35 mwezi Julai 2022, na karakana za Keko jijini Dar es Salaam, Ndeeba jijini Kampala na zile za kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi zikapata kinga dhidi ya makochi na vitanda vya ng'ambo. Kazi ikiongezeka, vumbi nalo huongezeka. Ndiyo maana makontena ya vifaa vya useremala kutoka China siku hizi hubeba pia mashine za kufyonza vumbi.

Mashine yenyewe haina maajabu. Ina mota, feni, bomba la kama inchi 4, na mifuko miwili: wa chini hukusanya maranda, wa juu ni kitambaa kinachopitisha hewa. Muuzaji huinadi kwa nguvu za farasi na bei. Lakini afya ya fundi haitegemei mota. Inategemea kile kitambaa cha juu.

Sababu ni kwamba vumbi linaloumiza halionekani. Maranda ya randa na unga wa msumeno huanguka chini, ukafagia ukamaliza. Vumbi la msasa lina chembe zilizo chini ya maikroni 10, wakati unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Mfuko wa bei rahisi huzuia chembe za maikroni 30 kwenda juu. Hizo nyingine feni huzifyonza mezani na kuzirudisha hewani, zikaelea humo ndani kwa saa kadhaa. Fundi anaona sakafu ni safi, anavua barakoa, kumbe sasa ndio anavuta vumbi baya zaidi.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2023, haziruhusu vumbi la mbao ngumu kuzidi miligramu 2 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Mvule na mkangazi unaovuka kutoka Kongo ni mbao ngumu.

Kwa hiyo mnunuzi aulize swali moja kabla ya kutoa fedha: kichujio ni cha maikroni ngapi? Kinachofaa ni cha maikroni 1 au karibu na hapo. Kisipopatikana, mashine iwekwe nje chini ya kibanda, bomba lipite ukutani, na hewa yake isielekezwe kwa jirani wala kwa mama lishe.

Hatari ya pili ni moto. Mwaka 2012 viwanda viwili vya mbao nchini Canada, kimoja Burns Lake na kingine Prince George, vililipuka kwa vumbi kavu vikipishana kwa takriban miezi mitatu, na kila mlipuko uliua wafanyakazi wawili. Karakana ya mtaani si kiwanda, na kwake moto wa taratibu ndio wa kuogopwa zaidi. Mbao za paleti huwa na misumari. Msumari ukifyonzwa hugonga feni, cheche ikaingia moja kwa moja kwenye mfuko, na maranda yakafuka polepole hadi usiku, mafundi wakiwa wameshalala. Wapo wanaoacha mfuko ujae kwa sababu mnunuzi wa maranda ya kuku huja mara moja kwa wiki. Hesabu hiyo naielewa, ila maranda yanaweza kumsubiri nje, ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko. Mfuko umwagwe kila jioni. Na mashine ya kusaga chuma isiunganishwe kamwe kwenye bomba hilo.

Kuna na umeme. Mashine iliyotumika iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, wakati kwetu ni volti 230 au 240 na hezi 50. Hata ukiweka transfoma, mota itazunguka pungufu kwa karibu asilimia 17, nguvu ya kufyonza itashuka. Za fezi tatu zina mtego wake: nyaya mbili zikibadilishana, feni huzunguka kinyume na bado hufyonza, ila kwa unyonge, na mwenyewe asijue. Tazama mshale uliochorwa kwenye mota. Waya wa ethi usiachwe, maana vumbi likipita kwenye bomba la plastiki hutengeneza umeme wa msuguano.

Katika kutumia, washa mashine kabla ya msumeno na uizime baada ya msumeno. Fungua mlango wa bomba unaotumika tu. Feni ikikwama, chomoa plagi kwanza ndipo uingize mkono. Kichujio kikung'utwe nje, kisipulizwe kwa kompresa humo ndani.

Sheria za usalama kazini za Tanzania (2003), Uganda (2006) na Kenya (2007) zinamtwika mwajiri jukumu la kumkinga mfanyakazi. Barakoa nzuri bado inahitajika, na saa yake kubwa ni ile ya kumwaga mfuko.