Sumaku ya Mbarara na Kichwa cha Mtoto

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini, Ngombezi, Korogwe

Mtoto mchanga anapoletwa zahanati hupimwa uzito. Inafaa pia azungushiwe utepe kichwani. Wazazi wengine huuliza, "Kichwa kinapimwa cha nini?" Leo tutaeleza sababu. Tutaeleza pia habari za mtaalamu wa nchi jirani ya Uganda, Dk. Johnes Obungoloch, ambaye kazi yake imekuwa kutafuta mashine ya bei nafuu ya kuona ndani ya kichwa cha mtoto bila kukipasua.

MAJI YA UBONGO

Ndani ya kichwa cha kila mtu mna maji masafi. Maji haya hutengenezwa ndani ya ubongo, hupita katika vyumba na njia zake, kisha huingia katika damu. Njia ikiziba, maji hujaa. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikamana, kwa hiyo kichwa hutanuka na ubongo hubanwa. Huu ndio ugonjwa wa kichwa kikubwa. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2018, watoto karibu 400,000 huupata kila mwaka duniani.

Wako watu wasemao kuwa mtoto huyo amerogwa, au kwamba mama yake alivunja mwiko. Hayo si kweli. Watoto wengine huzaliwa na njia iliyoziba. Wengine huzaliwa na mgongo wazi. Wengine huupata ugonjwa huu baada ya vijidudu kuingia ubongoni katika siku za mwanzo za maisha. Mwaka 2020 watafiti walitoa habari za watoto 100 wa namna hii waliotibiwa katika hospitali ya watoto ya CURE, mjini Mbale, Uganda. Watoto 64 kati yao waliugua baada ya kupata vijidudu. Miongoni mwa hao 64 walikutwa wenye bakteria aitwaye Paenibacillus.

Ugonjwa huu hutibiwa kwa upasuaji. Daktari anaweza kuweka mrija chini ya ngozi ili maji yaende tumboni. Au anaweza kutoboa njia mpya ndani ya ubongo kwa kutumia kifaa chembamba chenye kamera. Dk. Benjamin Warf, aliyekwenda Mbale mwaka 2000, aliiendeleza sana njia hiyo ya pili. Alifanya hivyo kwa sababu mrija huweza kuziba, na mtoto anayeishi mbali na hospitali akizibiwa mrija anaweza kufa kabla ya kufika.

Lakini kabla ya kupasua, daktari ni lazima ajue maji yamekaa wapi. Picha za eksirei za kompyuta huonyesha vizuri, ila mionzi yake si jambo jema kwa mtoto anayehitaji kupigwa picha mara nyingi. Mashine ya sumaku, iitwayo MRI, haina mionzi hiyo. Shida yake ni gharama. Sumaku ya mashine hizo za kawaida hupozwa kwa heliamu ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Huhitaji umeme mwingi, chumba maalumu na mafundi wake. Kwa hospitali ya wilaya huo ni mzigo mkubwa.

SUMAKU HUONAJE MAJI?

Maji yana haidrojeni. Kiini cha kila chembe ya haidrojeni ni kama kisumaku kidogo sana. Ukiviweka visumaku hivi ndani ya sumaku kubwa, vingi kidogo hujipanga kuifuata. Kisha mashine hupeleka mawimbi ya redio. Visumaku huyumba kama pia ya watoto inavyoyumba ikizunguka, na katika kuyumba hutoa mawimbi yao wenyewe. Mashine huyapokea kama redio inavyopokea stesheni. Jambo hili lilithibitishwa Marekani mwaka 1946 na makundi mawili, la Felix Bloch na la Edward Purcell.

Mawimbi hayo yakipimwa kwa makini hutoa habari nyingi. Haidrojeni iliyo katika maji haitoi sauti sawasawa na iliyo katika mafuta. Kwa njia hiyo wataalamu hutambua kemikali zilizomo ndani ya kitu bila kukifungua. Ili kupata picha, sumaku hufanywa iwe kali zaidi upande mmoja. Penye sumaku kali sauti hupanda, penye sumaku dhaifu hushuka. Kompyuta huzitenganisha sauti hizo, kama mpiga ngoma hodari anavyoitambua kila ngoma katika mchezo. Paul Lauterbur wa Marekani alitoa picha ya kwanza ya namna hii mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

KAZI YA OBUNGOLOCH

Dk. Obungoloch ni mhandisi wa vifaa vya tiba na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Alikwenda kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Huko alifanya kazi na Dk. Steven Schiff, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa watoto wa Uganda.

Ndugu msomaji, angalia swali alilolichagua. Hakuuliza jinsi ya kupata mashine yenye nguvu kuliko zote. Aliuliza: mtoto mwenye maji kichwani anahitaji picha nzuri kiasi gani? Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha mpango wa mashine kwa ajili ya watoto hao. Mashine hiyo huvipanga visumaku kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha husikiliza sauti yao katika sumaku dhaifu.

Baadaye alishirikiana na Profesa Andrew Webb wa Leiden, Uholanzi. Mwaka 2022 vipande vya mashine ya namna nyingine, pamoja na vifaa vya ufundi, vilisafirishwa kwa ndege hadi Uganda. Sumaku zake ni za kudumu, hazihitaji umeme wala heliamu. Kulikuwa na wakufunzi 4 na watu 6 ambao hawakuwa wamefunzwa kazi hiyo. Walizipanga sumaku ndogo moja moja katika pete 23, wakafunga nyaya, wakatengeneza kigari cha alumini cha kuibebea. Tangu mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi.

Faida yake ni kubwa. Mtu aliyeijenga mashine kwa mikono yake anaijua ndani na nje. Ikiharibika, hahitaji kumngoja fundi wa ng'ambo.

SAUTI NDOGO, MAKELELE MENGI

Lakini sumaku dhaifu ina shida yake. Mashine nyingi za hospitali kubwa zina nguvu ya tesla 1.5. Ile ya Mbarara ina tesla 0.05, yaani sehemu moja ya thelathini. Kwa hiyo sauti ya maji huwa ndogo, nayo huchanganyika na makelele, kama redio yenye betri dhaifu.

Wataalamu husikiliza mara nyingi na kujumlisha. Sauti halisi hurudi ileile kila mara, bali makelele hubadilika na kupunguzana. Ukisikiliza mara 4, sauti huwa bora mara 2. Ukisikiliza mara 100, huwa bora mara 10. Lakini mtoto mchanga hatulii muda mrefu, hivyo mashine haiwezi kusikiliza bila kikomo.

Kompyuta za siku hizi zinaweza kuisafisha picha yenye ukungu. Hapa tahadhari inatakiwa. Mwaka 2021 watafiti wa kundi la Dk. Schiff walieleza kwamba hata picha isiyo safi yaweza kumtosha daktari kupanga matibabu ya kichwa kikubwa. Walionya pia kwamba picha iliyorembwa na kompyuta yaweza kupendeza macho na huku inampotosha daktari. Ni afadhali ukungu wa kweli kuliko uzuri wa uongo.

SISI TUFANYE NINI?

Mashine ile ilijengwa kwa ajili ya utafiti. Sisi wa Ngombezi tusikae tukiingojea. Hata mashine bora kuliko zote haiwezi kuurudisha ubongo uliokwisha kuharibika kwa kucheleweshwa. Utepe wa zahanati ndio kipimo cha kwanza.

1. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa na mzunguko wa sentimeta 35 hivi. Katika miezi 3 ya mwanzo huongezeka kama sentimeta 2 kwa mwezi. Kikikua upesi kuliko hivyo, ni dalili mbaya. Mkumbushe mganga akipime na aandike.

2. Angalia utosi uliojaa na kukaza, mishipa iliyotokeza kichwani, macho yanayoelekea chini daima, kutapika, na kulia kusikokoma. Ukiona mojawapo, mlete mtoto siku hiyohiyo.

3. Mtoto mchanga akiwa na homa, akipoa mwili, akikataa kunyonya au akipata degedege, usingoje kesho. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Usipake majivu wala samadi.

4. Mwanamke anayetarajia kupata mimba aulize zahanati habari za vidonge vya foliki asidi. Hupunguza hatari ya mgongo wazi, nao hufaa kuanzwa kabla ya mimba.

5. Ukiandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Magunga, na kutoka huko kwenda Bombo au Muhimbili, nenda. Baba asimwachie mama peke yake safari hiyo, na majirani wasaidie nauli. Mtoto aliyefichwa ndani kwa aibu hawezi kutibiwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kichwa cha mtoto mchanga hutanuka maji yanapojaa?
2. Kwa nini mashine dhaifu inaweza kufaa kwa ugonjwa huu?
3. Katika kijiji chenu, ni nani atakayemsaidia mama aliyepewa rufaa na hana nauli?