Uhuru: Setilaiti ya Malindi Iliyofungua Mbingu ya Eksirei

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya uzito wa kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota na galaksi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, ndiye aliyeusimamia mradi huo, na ndiye aliyeipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya sikukuu yao.

Eksirei ya angani ni ile ile inayotumiwa hospitalini kupiga picha za mifupa. Hupenya nyama ya mwili bila taabu, lakini haiwezi kupenya angahewa hadi ardhini; yote humezwa ikiwa bado juu sana. Kinga hiyo inawafaa viumbe, ila inamnyima mtafiti habari nyingi. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, nalo hutoa hasa mwanga unaoonekana kwa macho. Gesi ikifikia mamilioni ya nyuzi, sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kwa njia ya eksirei. Kwa hiyo mtu anayetazama mbingu akiwa ardhini, hata akiwa na darubini kubwa kiasi gani, haoni kabisa mahali penye joto kali kupindukia.

Dalili ya kwanza ilipatikana Juni 1962. Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Genoa, Italia, na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, Marekani, ikakaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu. Walikuwa wakitafuta eksirei kutoka Mwezini. Walichokipata ni chanzo chenye nguvu ya ajabu upande wa kundinyota la Nge, ambacho baadaye kiliitwa Scorpius X-1. Jua hutoa eksirei kidogo sana ikilinganishwa na mwanga wake wa kawaida, takriban sehemu moja kwa milioni. Chanzo hiki kipya kilikuwa kinyume chake: eksirei yake ilizidi mwanga wake unaoonekana mara elfu moja hivi. Hakuna nyota iliyojulikana wakati huo ambayo ingeweza kufanya hivyo. Miaka minane iliyofuata roketi nyingine zilirushwa, kila moja ikapata dakika zake chache. Hazikutosha. Kilichohitajika ni chombo cha kukaa juu usiku na mchana kwa miezi na miezi.

Malindi ilichaguliwa kukirushia chombo hicho kwa sababu za kimahesabu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na karibu na ikweta mwendo huo hufikia kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo, hivyo Scout, iliyokuwa roketi ndogo, iliweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Mbele yake kulikuwa na Bahari ya Hindi tupu, ambamo vipande vya roketi vingeweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta kwa kimo cha chini huepuka sehemu kubwa ya chembechembe zilizonaswa na usumaku wa Dunia, ambazo huvuruga vipimo vya eksirei. Jukwaa lenyewe, San Marco, lilikuwa la Waitalia wa Chuo Kikuu cha Roma wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, nao walikuwa wamekwisha kurusha setilaiti yao kutoka hapo mwaka 1967.

Uhuru iliruka kimo cha kati ya kilomita 520 na 560, ikiizunguka Dunia kwa dakika 96, na haikutoka nje ya ukanda wa digrii tatu kaskazini na tatu kusini mwa ikweta. Miji ya Kenya ya Meru na Embu imo ndani ya ukanda huo. Maana yake ni kwamba setilaiti hiyo ilivuka anga la Meru, palipo karibu kabisa na mstari wa ikweta, na la Embu, kusini kidogo ya mstari huo, mara 14 hivi kila siku kwa zaidi ya miaka miwili.

Ukiiita darubini, basi ilikuwa darubini isiyo na kioo wala lenzi. Ilikuwa na masanduku mawili ya gesi yaliyopeana migongo, kila moja likiwa na vijia vya chuma mbele yake ili lione kipande chembamba tu cha mbingu. Eksirei ikiingia, gesi ilitoa mshtuko mdogo wa umeme, na kila mshtuko ulihesabiwa. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kila chanzo kilipopita mbele ya sanduku, hesabu ilipanda kisha ikashuka. Picha ya mbingu yote ilijengwa kwa namba hizo.

Mwaka 1971 namba hizo zilifichua jambo ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote yaliyofuata. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilikuwa kikiwaka na kufifia kila sekunde 4.8, kama mnara wa taa unaoongoza meli. Zaidi ya hayo, kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi kilitoweka kwa karibu nusu siku, kisha kikarudi. Maelezo yalikuwa mamoja tu: ni nyota mbili zinazozungukana, na ile kubwa huikinga ile ndogo. Ndogo yenyewe ni nyota ya nutroni, masalia ya nyota iliyolipuka, yenye uzito unaozidi wa Jua uliobanwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Gesi ya nyota kubwa huvutwa na kuiangukia kwa kasi ya kutisha, nayo hupata joto la mamilioni ya nyuzi. Hapo fumbo la tangu 1962 likafumbuka. Kuanguka kwa gesi kwenye nyota ya namna hiyo hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile inayotolewa na muungano wa nyuklia, ambao ndio unaoliwasha Jua letu.

Umaarufu, hata hivyo, ulikwenda kwa chanzo kingine, Cygnus X-1. Eksirei yake haikuwa na mpigo wa kawaida; ilibadilika ovyo, tena mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na badiliko la haraka hivyo haliwezi kutoka kwenye kitu kikubwa. Darubini za redio zilisaidia kuonyesha mahali pake hasa, na hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu. Wanaastronomia wa Uingereza na Kanada walipoipima nyota hiyo, waligundua kwamba inazungukana na mwenzi asiyeonekana kwa siku 5.6, na kwamba mwenzi huyo ni mzito mno kuwa nyota ya nutroni. Cygnus X-1 ndiyo iliyokuja kukubalika kwa upana kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinalipa uzito wa Jua mara 21 hivi, na umbali wa miaka ya nuru 7,200.

Kuhusu galaksi, Uhuru iligundua kwamba vikundi vikubwa vya galaksi, kama kile cha Coma na cha Perseus, vinatoa eksirei kutoka eneo zima la kikundi, si kutoka galaksi moja moja. Nafasi iliyodhaniwa kuwa tupu imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na gesi hiyo kwa jumla ni nzito kuliko nyota zote za kikundi. Uthibitisho ulikuja mwaka 1976 kupitia Ariel 5, setilaiti ya Uingereza ambayo nayo ilirushwa kutoka San Marco, Oktoba 1974: ilikuta alama ya chuma katika gesi ya Perseus. Chuma hufuliwa ndani ya nyota, kwa hiyo sehemu ya gesi hiyo iliwahi kupitia kwenye nyota kabla ya kutapakaa kati ya galaksi.

Kazi ya Uhuru ilikoma Machi 1973. Orodha yake ya nne na ya mwisho ina vyanzo 339. Giacconi alikwenda kuongoza taasisi inayoendesha sayansi ya darubini ya Hubble, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti yake ya mwisho mwaka 1988, lakini antena za Ngomeni, ufuoni mkabala na jukwaa, hazijanyamaza. Hupokea data za setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuvizia milipuko ya miale ya gama. Aprili 2009 Swift ilinasa mlipuko mmoja ambao nuru yake ilisafiri kwa takriban miaka bilioni 13. Antena hizo hupokea pia data za setilaiti za eksirei: NuSTAR ya mwaka 2012, na IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 kupima mwelekeo wa mitikisiko ya eksirei. Data hizo hupelekwa Marekani na kuhifadhiwa katika maktaba za kidijitali za NASA zilizo wazi bila malipo, pamoja na orodha ya Uhuru. Za Swift hutolewa kwa umma mara tu zinapochakatwa, hivyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu au cha Meru mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua siku ile ile anapozisoma mtafiti wa Roma au Washington.