Ua la Buluu Lililoingia Shambani

Mwaka mmoja niliwapa akina mama wa kijiji kimoja, juu ya Makanya wilayani Same, mbegu za maua. Maua yenyewe ni ya rangi ya buluu. Yanaitwa ajeratumu. Mmea wake ni mfupi, haupiti goti. Ua ni laini kama manyoya ya kifaranga.

Mama mmoja aliyapanda ukingoni mwa bustani yake ya mboga, kando ya mfereji. Yalipendeza sana. Watu waliokwenda sokoni walisimama kuyatazama.

Msimu uliofuata nilipita tena. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," lakini hakunipa kiti. Alinipeleka moja kwa moja shambani.

"Bwana Shamba, tazama. Ua lako limeingia kwenye maharage yangu."

Ilikuwa kweli. Kati ya mistari ya maharage miche ya ajeratumu ilikuwa imejaa. Tulishuka kidogo hadi shamba la jirani yake. Huko nako kulikuwa na buluu. Jirani huyo hakupanda ua lolote. Mbegu zilisafiri na maji ya mfereji.

Kosa lilikuwa langu. Niliwaeleza namna ya kupanda. Sikuwaeleza wakati wa kukata. Tulipalilia shamba la jirani pamoja, yule mama na mimi, asubuhi tatu.

UA HILI LINA NDUGU YAKE

Ajeratumu ya bustani ilitoka Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Jina lake limetokana na Kigiriki. Maana yake ni kitu kisichozeeka, kwa sababu ua hukaa siku nyingi bila kupoteza rangi.

Lakini ndugu msomaji, ua hili lina ndugu yake ambaye huenda unamng'oa kila msimu. Ni lile gugu lenye manyoya mafupi, maua madogo meupe au ya buluu iliyofifia, na harufu kali kama ya beberu ukilifikicha. Nalo lilitoka Amerika. Sasa limeenea karibu nchi zote za joto.

Utayatofautishaje? Tazama jani. Jani la ua la bustani huwa pana karibu na kikonyo, kama umbo la moyo. Jani la gugu huwa jembamba zaidi hapo. Tena maua ya bustani ni makubwa na nyuzi zake ni ndefu.

Mbegu zao zinafanana. Ni ndogo, nyeusi, na kila moja ina vigamba vyepesi kichwani. Upepo huzibeba. Maji huzibeba. Zikidondoka kwenye mfereji zinafika mashamba yote ya chini. Sisi wa Upare tuna ndiva zetu. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila mtu hupata zamu yake. Kwa hiyo mbegu ya mtu mmoja wa juu inaweza kuwa kazi ya palizi ya watu kumi wa chini.

KUNA SUMU

Habari hii si ya palizi tu. Katika miaka ya 2000 watu wa vijiji fulani vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, waliugua ini. Matumbo yalivimba. Wengine walifariki. Watafiti walipochunguza nafaka zao walikuta zimechanganyika na mbegu za lile gugu, ndugu ya ua letu. Gugu hilo lina sumu inayoharibu ini polepole, na watu walikuwa wakiila kidogo kidogo katika chakula cha kila siku.

Usiogope kuligusa ua. Sumu hii hudhuru inapoliwa. Mwenye ulezi au mtama ndiye wa kuangalia zaidi, kwa sababu nafaka ndogo huchanganyika kwa urahisi na mbegu za magugu. Palilia kabla gugu halijatoa mbegu. Usipurie nafaka mahali lilipoota. Peta vizuri, kisha chambua. Na ile desturi ya kuchemsha majani yake na kunywa kama dawa, mimi siikubali.

BASI TUSIPANDE?

Tupande. Nyumba yenye maua inapendeza, na nyuki hupata chakula. Ila tupande kwa akili, kila ua mahali pake.

Ajeratumu inapenda unyevu. Huko milimani, kama Mbaga, Chome au Usangi, inastawi. Hapa chini Same jua la mchana huichoma. Ukitaka kuipanda huku, itafutie kivuli cha alasiri. Sia mbegu kwenye kitalu au kwenye kopo lililotobolewa chini. Usizifukie. Mbegu hizi zinataka mwanga ili ziote, hivyo zikandamize tu kwa kiganja na kunyunyiza maji taratibu. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo utaona miche. Ikiwa na majani manne hadi sita, ihamishe jioni. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya mche na mche.

Sasa lile nililolisahau. Ua likianza kuwa la kahawia, likate. Usingoje likauke. Pita mara moja kila wiki na kisu au kwa kucha zako. Mmea utatoa maua mengine, na mbegu hazitaanguka. Vichwa ulivyokata vichome moto au vifukie chini sana. Wala usiipande ajeratumu karibu na mfereji.

Kwa ukingo mrefu, hasa tambarare, mimi nachagua vinka. Ni ile yenye maua ya pinki au meupe yenye petali tano. Asili yake ni Madagaska. Inavumilia jua na ukame kuliko mengi ninayoyajua, na mbuzi hawaipendi. Nayo ina sumu. Hospitalini kuna dawa ya saratani ya damu iliyotokana na mmea huu, lakini nyumbani usiichemshe wala usiwape watoto waichezee mdomoni.

Zinia nayo ni nzuri. Hii unaisia palepale itakapokaa, mvua zinapoanza. Mwagilia udongo, si majani, maana majani yakilowa mara kwa mara hupata magonjwa ya ukungu.

Wengine huniuliza juu ya ua la manjano la tagetesi, kwamba linazuia minyoo fundo ya nyanya. Ni kweli, lakini si kwa mstari mmoja ukingoni. Lazima ulipande tuta zima kwa msimu, ulifukie, ndipo upande nyanya msimu unaofuata.

MAJI YATATOKA WAPI?

Swali hili wanauliza akina mama wa Same, na wana haki. Anayebeba ndoo kichwani hawezi kuimwaga kwenye maua. Usitumie maji ya kunywa. Tumia maji uliyosuuzia vyombo au mboga. Maji yenye sabuni nyingi yaache. Weka majani makavu kuzunguka mashina ili udongo usikauke upesi.

Neno moja kuhusu wazee wetu. Wao hupanda masale kwenye mipaka ya mashamba, na kila mtu anaheshimu. Usiyang'oe masale ili kuweka maua. Ukingo wa bustani ni wako peke yako, lakini mpaka ni wa watu wawili.

Yule mama wa juu ya Makanya sasa ana ajeratumu katika madebe mawili, karibu na mlango wa jiko, mahali anapomwaga maji ya kusuuzia vyombo. Watoto wake ndio wanaokata maua yaliyochakaa kila Jumamosi. Ukingoni mwa bustani amepanda vinka. Mbuzi wa jirani wamepita hapo mara mbili na hawakuigusa. Nilipokwenda mara ya mwisho, alinipa kiti.