Chungu wa Moto na Nchi za Baridi

Watoto, siafu mnawajua. Wakipita njiani kwa mstari mrefu, hata mtu mzima huruka pembeni. Leo tutasoma habari za chungu mwingine, aitwaye chungu wa moto. Ni mdogo kuliko siafu, rangi yake nyekundu, na kwa kumtazama tu hutamwogopa. Siafu huuma kwa meno. Chungu wa moto hushika ngozi kwa meno, kiisha hupinda tumbo na kuchoma kwa mwiba ulio nyuma. Tena hachomi mara moja: hujizungusha na kuchoma tena na tena. Mahali pale huwaka kama kaa la moto, na kesho yake hutokea kipele chenye usaha. Kuna watu ambao sumu hiyo huwadhuru sana hata pumzi ikawaziba.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazil, Paraguay na Argentina. Kati ya miaka 1930 na 1940 aliingia Marekani kwa meli, katika bandari ya Mobile, jimbo la Alabama. Mwaka 1942 mtoto wa miaka 13, Edward Wilson, aliyependa kuchungulia wadudu, aliona kichuguu chao karibu na bandari hiyo. Mtoto yule baadaye akawa mwalimu mkubwa wa mambo ya chungu, akajulikana duniani kote.

Tangu hapo chungu hao wameenea majimbo yote ya kusini, toka Florida mpaka Texas. Malkia mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku, na kichuguu kikubwa chaweza kuwa na chungu zaidi ya 200,000. Malkia wapya huruka kwa mabawa, lakini safari ndefu hawaendi wenyewe. Huchukuliwa na watu: katika udongo wa miche ya kuuza, au katika majani makavu ya kulisha ng'ombe.

Mbona basi hawajafika kaskazini kabisa? Baridi imewazuia. Katika nchi zile kuna miezi ambayo maji huganda, na udongo wa juu huwa mgumu kama jiwe. Chungu wa moto hajui kulala usingizi mrefu wakati wa baridi, kama wafanyavyo wadudu wengine. Udongo ukipoa chini ya digrii 15 hivi, hatoki tena kutafuta chakula. Wote hushuka katika mashimo ya ndani, wakibeba mayai na watoto wao. Jua likitokea, huwapandisha tena upande wa kichuguu unaopata joto. (Hivyo kichuguu si rundo la udongo tu: ni nyumba ya kuotea jua!) Lakini baridi ikikaa majuma mengi mfululizo, hufa, na vichuguu vidogo hufa kwanza.

Sasa mpaka huo wa baridi wasogea. Dunia inapata joto zaidi, kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa, na miezi ya baridi imepungua ukali. Tena kuna chungu weusi wa jamii yao, waliofika Mobile mbele yao. Wamezaana, na machotara wao huvumilia baridi kuliko chungu wekundu. Hao wanaonekana sana katika jimbo la Tennessee. Hata mjini chungu hupata kimbilio, kwa maana chini ya kuta na barabara udongo hukaa na joto.

Ulaya nayo imeanza kuangalia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba vichuguu 88 vimeonekana karibu na mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, nchi ya Italia. Wenyeji walikuwa wamechomwa miaka kadhaa, wasijue ni mdudu gani.

Kuwaondoa ni kazi, lakini yawezekana wakiwa wachache. Huko New Zealand kichuguu kimoja kilionekana mwaka 2001 katika uwanja wa ndege wa Auckland, kikaangamizwa. Kumwaga maji hakufai, kwani chungu hao hushikamana wakaelea kama chelezo, malkia akiwa katikati. Njia iliyo bora ni chambo: punje za mahindi zilizotiwa mafuta na sumu ya polepole. Chungu huzichukua wenyewe, huzipeleka ndani, na kumlisha malkia.