"Malaria Kidogo Tu": Homa, Imani na Tiba Katika Kirewa

Ukitoka mjini Tororo, ukauacha nyuma mwamba ule mashuhuri na kushika njia ya magharibi kuelekea Budama, utapita mashamba ya muhogo, mtama na ulezi, na kila baada ya mwendo mfupi utakuta bonde la majimaji. Huko ndiko iliko Kirewa. Ni nchi ya Wapadhola, au Jopadhola kama wanavyojiita wenyewe, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo cha upande wa pili wa mpaka. Mgeni huvutiwa na ukijani wa nchi hiyo. Mbu naye amevutiwa nao tangu zamani.

Wataalamu waliopima maambukizi ya malaria katika sehemu 7 za Uganda mwaka 2001 na 2002 walikuta kwamba mkazi wa Tororo aliweza kuumwa na mbu mwenye vimelea mara 562 katika mwaka mmoja. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila usiku. Ni Apac peke yake iliyoizidi Tororo. Huko Kanungu, katika milima ya kusini magharibi, hesabu ilikuwa mara 6 tu kwa mwaka. Tunamwomba ndugu msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya Kanungu, kwa kuwa tutairudia.

Katika nchi ya namna hiyo homa si habari. Mtu akiulizwa kwa nini hakuonekana sokoni jana, hujibu kwamba alikuwa na malaria kidogo, na mazungumzo yakaendelea kuhusu bei ya muhogo. Wageni wengi, na baadhi yetu tuliovaa sare, huwasikia na kusema kwamba watu hawa wanapuuza ugonjwa, au kwamba hawawaamini waganga wa hospitali. Sisi tumefika kwenye maoni tofauti. Neno lile "kidogo" lina sababu zake, na mwenye kuzijua ataona pia mahali lilipo na hatari.

Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia Kirewa ameugua malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupambana nayo. Haumalizi vimelea, bali huvizuia visimwangushe. Ndiyo maana mtu huyo akishikwa na homa na maumivu ya viungo hujilaza kivulini mchana mmoja, hunywa maji ya majani machungu, yawe ya mwarobaini au ya ule mmea ambao Waganda huuita mululuza, na kesho yake ukamwona shambani. Kwake yeye ile ilikuwa malaria kidogo kweli. Hakusema uongo.

Lakini kinga hiyo ni mali ya mwenyeji aliyekwisha kukomaa. Mtoto wake aliye chini ya miaka 5 hajaipata bado. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hupungukiwa nayo. Na askari aliyezaliwa Kanungu au Kabale, akipangiwa kazi Rubongi au katika kituo cha polisi cha mpakani, hanayo kabisa, ingawa ana kifua kipana na anaweza kukimbia maili 10 na mzigo mgongoni. Hata mwana wa Kirewa mwenyewe, akikaa miaka mahali pasipokuwa na malaria, hurudi nyumbani kinga yake ikiwa imefifia. Neno ni moja, lakini wanaolitamka hawana mwili mmoja.

Tulimwona kijana mmoja wa namna hiyo katika kambi ambayo hatutaitaja. Alipatwa na homa jioni. Sajini wake alipomwuliza, alijibu, "Afande, ni malaria kidogo tu, kesho nitakuwa sawa." Rafiki yake akampa vidonge 6 vilivyosalia sandukuni tangu alipougua yeye mwenyewe. Dozi kamili ya mtu mzima ya ile dawa ya mseto ni vidonge 24 katika siku 3, vinne asubuhi na vinne jioni. Homa ilishuka, ikapanda tena, na siku ya tatu kijana yule alikuwa hawezi kuitaja namba yake ya jeshi. Alipona, kwa kuwa gari lilipatikana usiku ule na sindano ya artesuneti ilikuwapo.

Sasa tujiulize vile vidonge 6 vilitoka wapi. Vilitoka katika desturi ambayo askari ameichukua kwa raia, na raia ameichukua katika maisha yake mwenyewe. Mtu wa kijijini akipona siku ya pili huacha kumeza, akakiweka kilichosalia kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Twaweza kumlaumu, lakini kwanza tutazame jinsi dawa zinavyofika. Bohari Kuu ya Dawa ya Uganda hupeleka dawa katika vituo vya afya vya vijijini kila baada ya miezi miwili. Majuma ya kwanza rafu huwa zimejaa. Mvua zikinyesha na wagonjwa wakiongezeka, dawa huisha kabla ya shehena nyingine kufika. Wakati huo mama anayetembea na mtoto mgongoni hadi kituoni huambiwa akanunue dukani. Mama huyo ana hesabu yake. Anajua mwezi wenye dawa na mwezi usio na dawa, na vidonge vilivyofungwa katika kitambaa ni akiba kama mbegu za ulezi.

Imani ya tiba nayo ina historia. Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini, waganga wengi waliondoka, na katika miaka iliyofuata wengine wengi wakakimbia vita na umaskini. Mshahara wa mwuguzi ukawa hautoshi kununua chakula cha juma moja. Dawa za serikali zikaonekana sokoni. Kisha, katika miaka ya 80, ukaja ukimwi, na watu wakaiogopa sindano ya hospitali kwa kuwa hawakujua ilimchoma nani kabla yao. Mtaalamu wa Uganda, Harriet Birungi, aliyechunguza mambo haya, alieleza katika makala yake ya mwaka 1998 kwamba watu hawakuiacha sindano. Waliihamishia nyumbani. Familia ilinunua bomba lake na sindano yake, ikamwita jirani au ndugu anayejua kuchoma. Hawakuwa na imani na jengo, walikuwa na imani na mtu wanayemjua. Jambo hili kwetu ni la maana sana, nasi twaona linaeleza mambo mengi hata leo.

Serikali imejitahidi kuirudisha imani hiyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 80, kwa msaada wa Denmark, dawa muhimu zilianza kupelekwa vijijini katika makasha yaliyofungwa. Mwezi wa Machi 2001 malipo yalifutwa katika vituo vya serikali, na wagonjwa wakafurika. Dawa za serikali sasa hupigwa chapa kwamba haziuzwi. Kadhalika wapo wahudumu wa afya wa kijiji, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, ambao hupima damu ya kidole na kuwapa watoto dawa bila malipo. Huyu ndiye yule "mtu tunayemjua" ambaye familia zilikuwa zikimtafuta, ila sasa amefundishwa na ana daftari.

Kitabu cha Susan Reynolds Whyte, kilichotoka mwaka 1997, kinaeleza maisha ya Bunyole, nchi iliyopakana na Budama, ambako mtaalamu huyo alianza kuishi tangu mwisho wa miaka ya 60. Alionyesha kwamba mtu akiugua, kwanza hutibu kile anachokiona: homa hupewa dawa ya homa, tumbo dawa ya tumbo. Dawa ya dukani, ya majani au ya hospitali, yoyote itakayofaa. Ugonjwa ukikataa kuondoka ndipo huulizwa ni nani au ni nini kilichouleta, na mpiga ramli huitwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya watu hawa ni ya kupima na kujaribu. Mashaka huja baadaye, siku zikishapita. Na katika malaria ya mtoto, siku 2 zikishapita huenda kazi imekwisha haribika. Degedege, kwa mfano, mahali pengi katika Afrika ya Mashariki imechukuliwa kuwa kazi ya pepo, hata wazazi wakakataa mtoto asichomwe sindano, ilhali mara nyingi ni malaria iliyofika kichwani.

Limezuka pia jambo jipya. Mgonjwa anapimwa, kipimo kinaonyesha hana malaria, naye anakasirika. "Mimi naijua malaria yangu," husema, na akitoka hapo huenda dukani kununua dawa ile ile aliyonyimwa. Askari tumo katika hili, wala tusijitoe. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kuwa malaria, na wahudumu wenyewe ndio waliotufundisha hivyo. Hawawezi kushangaa tukichelewa kujifunza upya.

Hata hivyo Tororo ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtu angepaswa kusema kila homa ni malaria. Mji huo ulikuwa makao ya shirika la Afrika ya Mashariki la uchunguzi wa ugonjwa wa malale, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1976 malale yalizuka upya Busoga, na kufikia mwisho wa miaka ya 80 yalikuwa yameingia Tororo. Malale ya upande huu wa Uganda huchukuliwa na ndorobo kutoka kwa ng'ombe, nayo huanza kwa homa, kichwa kuuma na uchovu, yaani malaria kidogo. Tofauti yake ni kwamba hayangoji. Katika majuma au miezi michache vimelea huingia ubongoni, na asiyetibiwa hufa. Wengi waliookolewa waliokolewa na mtu wa darubini ambaye, akitafuta malaria katika tone la damu, aliona vijidudu vingine vikicheza. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuviona. Wagonjwa wa malale sasa wamekuwa wachache sana, na tangu 2024 dawa ya kumeza, feksinidazo, imekubaliwa na Shirika la Afya Duniani kutibu aina hii. Lakini askari anayelala porini mahali penye ng'ombe na ndorobo, ambaye homa yake imepimwa na haikuwa malaria, na imeendelea, anapaswa kudai darubini. Hilo si kumsumbua daktari.

Tukirudi kambini, kikwazo si ramli wala majani machungu. Kikwazo ni jina la mtegaji. Askari akijitokeza asubuhi kusema anaumwa, wapo viongozi wanaomtazama kwanza kama mtu anayekwepa zamu. Akirudishwa mara moja kwa kejeli, mara ya pili hatajitokeza, na polisi aliye peke yake kituoni huona afadhali duka la dawa kuliko maneno. Tunasema wazi kwamba wategaji wapo. Kuwatambua ni kazi ya mganga mwenye kipimo, si ya koplo mwenye hasira.

Wazee wetu wa Keya waliliona jambo hili Burma. Mwaka 1943, katika jeshi lililokuwa upande huo, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, walikuwapo 120 walioondolewa kwa ugonjwa. Jenerali Slim alipochukua amri aliona askari hawamezi kinga ya malaria waliyopewa. Hakuwalaumu askari. Alipima vikosi kwa ghafla, na kikosi ambacho chini ya asilimia 95 ya watu wake walikutwa na dawa mwilini, mkuu wake alifukuzwa. Alifukuza wakuu 3 tu, nao wengine wakaelewa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndani yake kilikuwamo Kikosi cha 4 cha Keya kilichoandikishwa Uganda, ilipita bonde la Kabaw, maarufu kwa malaria, wakati wa mvua.

Huko Tororo kwenyewe adui amewahi kurudishwa nyuma. Kuanzia Desemba 2014 nyumba za wilaya zilinyunyiziwa dawa ya mbu kwa zamu, na miaka michache ikapita ambamo wodi za watoto zilipata nafasi. Mwaka 2020 dawa ya kunyunyizia ilibadilishwa, na malaria ikapanda tena kwa nguvu. Ni vema wale wenye watoto kambini wakumbuke hilo wanapodhani kwamba vita vilikwisha.

Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 6, 7 na 8, na mara ya nne akifika miezi 18. Zile tatu za kwanza zinafuatana, na mama huzikumbuka. Ya nne huja baada ya miezi 10, wakati mtoto anatembea, anacheka, hana homa hata kidogo, na pengine baba yake amehamishiwa kituo kingine. Kadi ya chanjo isafiri pamoja na mizigo, na kituo chochote cha serikali kinachotoa chanjo hiyo kitampokea.